Alijikomboa kwa Shilingi Arobaini

Mama mdogo alilifungua fundo la kanga kwa meno. Ndani ya fundo mlikuwa na mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kitambaa cheupe kilichokwisha kugeuka rangi ya chai, na ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakunipa mkononi. Aliilaza juu ya mkeka katikati yetu, akaipapasa kwa kiganja mpaka mikunjo ikatulia.

"Hii ndiyo talaka ya bibi yako," alisema. "Aliondoka nayo hapa Nyamisati, akavuka nayo maji mpaka Mafia, akarudi nayo uzeeni. Alinikabidhi kwa mkono wake. Akaniambia, mwanangu, hata nikifa usiitupe."

Nilikuwa nimekwenda Nyamisati kutafuta majina. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiuandika ukoo wa mama yangu, na upande wa wanaume kazi haikunisumbua: huyu bin yule, yule bin fulani, mpaka kwa babu aliyeshuka kutoka milima ya Matumbi. Upande wa wanawake niligonga mwamba kila nilipofika kwa bibi mzaa mama. Habari zake nyumbani kwetu zilikuwa fupi: aliolewa Nyamisati, akaachwa, akaenda Mafia akaolewa tena, akamzaa mama. Neno "akaachwa" lilisemwa kwa sauti ya chini, na mtoto aliyeuliza zaidi alitumwa dukani.

Karatasi yenyewe ni nusu ya ukurasa wa daftari la mistari. Wino umekuwa wa kahawia. Ina mistari saba ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoandikiana barua, wasia na hesabu kwa muda mrefu kabla ya shule za Wajerumani kueneza herufi za Kirumi. Mimi herufi hizo nazijua za kusomea msahafu tu. Mama mdogo akamtuma mjukuu wake msikitini, na baada ya sala ya alasiri maalim akaja, akaketi mlangoni mahali penye mwanga, akaisogeza karatasi karibu na uso.

Si kazi ya kusoma mbiombio. Mwandishi wa zamani hakuwa na herufi ya p wala v wala g. Be ilibeba b na p, na mara nyingi hata mb. Fe ilibeba f na v. Ghaini ilibeba g na ng. Jina la mahali kama Kibiti unaweza kulisoma Kipiti au Kimbiti usipokuwa umelijua tangu nyumbani. Ndiyo maana karatasi hizi hazisomeki vizuri mbali na watu wake: anayezijua herufi lakini haujui mji atakwama, na anayeujua mji lakini hazijui herufi hatafika popote. Pale mlangoni walihitajika wote wawili, maalim wa kusoma na mama mdogo wa kumwambia, hapana, hilo ni shamba la kwa fulani, hilo si jina la mtu.

Mstari wa nne ulimkwamisha maalim. Alisoma, "amejikoboa." Akasimama, akarudia. Mama mdogo akacheka, akasema mtu hukoboa mpunga, hajikoboi mwenyewe. Maalim akaweka kidole chini ya ile be, akakaa nayo kidogo, kisha akasema polepole, "Hapa kuna mimu imemezwa. Siyo amejikoboa. Amejikomboa. Amejikomboa kwa mumewe kwa kurudisha mahari yake, shilingi arobaini."

Hakuna aliyesema kitu. Mama mdogo alikuwa ameitunza karatasi ile zaidi ya miaka arobaini bila kujua imeandikwa nini.

"Kwa hiyo bibi hakuachwa?" niliuliza.

"Ameachwa kwa kuwa yeye ametaka," alisema maalim. "Hii ni khului, mwanangu. Mwanamke anarudisha alichopewa, mume anamwachia njia. Na khului haina rejea. Talaka moja ya kawaida mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, hata asipomuuliza. Hii hapana. Akishapokea mahari yake, imekwisha."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yalinigeuzia kazi yote. Nilikuwa nikitafuta talaka ya mwanamke aliyetupwa, kumbe yeye ndiye aliyelipa akaondoka.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1903, alieleza kwa urefu namna watu wa pwani walivyooana na kuachana. Anayetaka kuelewa karatasi kama ya bibi aanzie hapo. Lakini jambo moja nilijifunza kwenye mkeka wa mama mdogo, nalo ni la vitendo kabisa: karatasi ya talaka ilikuwa mali ya mwanamke. Mwanamume alikuwa na ulimi wake. Akitamka, imekuwa, na kesho akitaka kuoa mke mwingine hakuna anayemdai ushahidi. Mwanamke ndiye aliyehitaji maandishi. Akienda kisiwa kingine ambako hakuna anayemjua, shehe wa huko atamuuliza: wewe ni mke wa mtu? Eda yako imekwisha? Ndugu zake hawapo kumshuhudia. Ana karatasi tu.

Basi anayetafuta talaka za ukoo wake kwenye makasha ya mababu atapoteza muda mwingi. Aulize makasha ya mabibi, vibweta vyao, mafundo ya kanga zao, na awaulize waliowauguza siku za mwisho, maana ndio waliokabidhiwa. Na akiijua talaka, aifuate ndoa iliyoifuata. Talaka ya Nyamisati inaweza kuwa imetajwa Kilindoni kule Mafia, kwa sababu Kilindoni ndiko ilikohitajika.

Nilitaka mwaka. Mwezi ulisomeka bila shida: Rajabu. Mwaka ulikuwa umeangukia kwenye mkunjo, mdudu amepita, zimebaki tarakimu mbili za mwanzo, 13. Kwa hesabu ya Hijria mwaka 1300 ulianza Novemba 1882 na mwaka 1399 ukaisha Novemba 1979. Tarakimu mbili zilinipa karibu miaka mia moja, yaani kutoka kwa Seyyid Barghash mpaka Vita vya Kagera.

Lakini karatasi inazungumza hata pale tarehe iliponyamaza. Imetaja shilingi. Wakati wa Wajerumani watu wa delta ya Rufiji walihesabu kwa rupia, na rupia iliendelea kupita mikononi hata baada ya Waingereza kuingia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja mwaka 1921. Mahari iliyorudishwa kwa shilingi haiwezi kutangulia hapo. Upande wa pili, mama yangu alizaliwa Mafia vita ya pili ilipoanza, 1939. Miaka mia imekuwa kumi na minane. Kisha mama mdogo akakumbuka jambo ambalo bibi alikuwa akilirudia kila mpunga ulipochanua: kwamba mwaka aliotoka kwa mume wake, nzige walikuwa wameshuka. Nzige waliitaabisha Tanganyika miaka ya mwanzo ya 1930. Nikaandika penseli pembeni mwa daftari langu: 1930 hadi 1935, Rajabu.

Nikafunga safari ya kwenda kwenye vitabu vya serikali.

Ukitoka Nyamisati unapanda mpaka Bungu, unaikamata barabara kuu ya kusini. Kibiti, iliko Nyamisati leo, ni wilaya changa, ilimegwa kutoka Rufiji katika miaka ya 2010, kwa hiyo anayetafuta mambo ya kale ya Nyamisati lazima afikirie Utete, ng'ambo ya mto, kulikokuwa makao ya Rufiji. Na kabla ya Utete kulikuwa na Mohoro, alikoketi Mjerumani na alikonyongewa Kinjikitile Ngwale Agosti 1905, Maji Maji ilipokuwa imeanza tu kuwaka. Tangu 2003 unavuka kwa Daraja la Mkapa. Wakati wa bibi mto ulivukwa kwa chombo, au hukuuvuka. Nalitaja hili kwa sababu kila makao yanapohama, majalada yanahama nusu na nusu yanabaki. Na baada ya mafuriko ya 1968 watu wengi wa bondeni walihamishiwa nyanda za juu katika Operesheni Rufiji, vijiji vikapata majina mapya. Jina la kijiji kwenye karatasi ya 1930 huenda halipo kwenye ramani ya leo, ingawa watu wake wapo.

Katika ofisi moja niliyoingia karani alinisikiliza kwa adabu, akanipeleka mpaka chumba cha nyuma, akanionyesha rafu. Daftari za zamani zilikuwa zimelowa msimu mmoja wa masika, zikashikana kurasa kama mkate. Aliniruhusu nijaribu. Nilichukua moja, nikaifungua kwa ncha ya kisu kidogo, ukurasa ukatoka na mwenzake, maandishi ya huku yamehamia kule. Niliirudisha mahali pake, nikakaa nje kwa muda mrefu kabla ya kuondoka.

Dar es Salaam, Upanga, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, hali ni nyingine. Pale kuna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, na vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika koo, maakida, kodi, mashamba na mila za kila mahali. Nilisoma siku tatu. Delta ilikuwamo tele. Mikoko ilikuwamo, kwa kuwa Wajerumani walianza kuisimamia mapema sana, na boriti zake zilikuwa zikipakiwa kwenda Unguja na mpaka Ghuba. Manowari Königsberg ilikuwamo, ile iliyojificha kwenye mikono ya Rufiji na kuzamishwa 11 Julai 1915. Kuhusu meli ile unaweza kujua nahodha wake ni Max Looff, nani aliipiga, na vipande vyake vilikwenda wapi. Bibi yangu hakuwamo, wala mwanamke mwingine yeyote wa kijiji chake niliyeweza kumtambua kwa jina.

Sababu nilianza kuiona siku ya pili. Serikali iliandika watu ili iwatoze. Kodi ya nyumba ilianza chini ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaiendeleza na ile ya kichwa, na aliyeandikwa ni mwanamume, mwenye nyumba. Mke alikuwa nyumba. Mwenye wake wawili alitozwa nyumba mbili, na mke akiondoka, kinachobadilika kwenye daftari ni idadi. Nilikaa nikitazama orodha ya namna hiyo, nikawaza kwamba kuondoka kwa bibi, kama kuliandikwa popote na serikali, kuliandikwa hivyo: mbili imekuwa moja, bila jina.

Ndiyo maana naithamini talaka kuliko jalada lolote la Upanga. Katika mistari saba ile bibi ana jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake. Mumewe ana majina mawili. Chini kuna mashahidi wawili, na kila mmoja ana jina la baba. Ukihesabu, ni watu tisa wa delta ya miaka ya 1930 kwenye nusu ukurasa wa daftari. Familia inaificha talaka kwa aibu, na humo ndimo mwanamke wake alimoandikwa kwa ukamilifu kuliko mahali pengine popote.

Wapo wanawake ambao hawakupata mume wa kupokea mahari na kunyamaza. Hao walikwenda barazani. Chini ya Waingereza baraza la liwali na la akida lilikuwa mahakama kamili ya wenyeji, kwa sheria ya 1929 na kisha ile ya 1951, mpaka sheria ya 1963 ilipoziunganisha mahakama zote na kuleta Mahakama ya Mwanzo tunayoijua leo. Mume hakuhitaji baraza ili aache. Mke alilihitaji: kudai matunzo, kudai avunjiwe ndoa kwa kutelekezwa, kudai mume akiri kwamba alikwisha kumwacha. Kwa hiyo anayezisoma daftari za mabaraza hayo zilizosalimika asishangae akikuta wadai wengi ni wanawake. Unguja, ambako kumbukumbu za makadhi zimehifadhiwa vizuri zaidi katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar kule Kilimani, mwanahistoria Elke Stockreiter aliyafanyia kazi mashauri ya tangu mwanzo wa karne ya 20 mpaka 1963, na kitabu chake cha 2015 kimejaa wanawake wanaosimama mbele ya kadhi na kusema habari zao. Watu wa delta ambao mabibi zao walipanda vyombo vya boriti kwenda Unguja wasiache kupita Kilimani. Wenye ndugu Mombasa na Lamu nao wana bahati yao: Kenya ilikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu tangu 1906.

Niliwahi kumweleza habari hii rafiki yangu anayeishi Uingereza, naye akanieleza jinsi wenzetu wa huko wanavyotafuta. Kwao talaka za zamani ni chache mno. Kabla ya 1858, aliyetaka kuachana na mkewe na kuoa tena alihitaji sheria yake mwenyewe ipitishwe bungeni. Kwa zaidi ya karne moja na nusu zilipita sheria za namna hiyo mia tatu na kitu, na wanawake waliofanikiwa kuipata walikuwa wanne. Nilifikiria hilo sana. Bibi yangu hakujua kuandika jina lake, na alijikomboa kwa fedha aliyoipata kwa mikeka.

Mikeka, ndiyo. Nilimuuliza mama mdogo, shilingi arobaini mwanamke alizitoa wapi zama zile. Hakufikiri hata kidogo. "Ukindu," alisema. "Bibi yako alisuka mchana na usiku. Mume anadhani anasuka ya nyumba." Akanionyesha kwa vidole vyake jinsi chane zinavyopandana, mbili juu moja chini, na kasi ambayo mwenye kuisukia njaa husuka nayo. Mkeka tuliokalia aliusuka yeye. Ukingo wake ulikuwa na nakshi ya zambarau, na alinieleza kwamba nakshi ile alifundishwa na bibi, baada ya kurudi kutoka Mafia.

Kwa wale ambao talaka wanayoitafuta ni ya wazazi wao na si ya mabibi, njia ni nyingine, na hapa niseme kwa ufupi. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoanza kutumika 1 Mei mwaka ule, ilibadilisha kila kitu Tanzania Bara. Talaka ikawa ni ya mahakama. Wenye mgogoro hupita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, ile watu wanayoiita Fomu Namba 3. Kwa ndoa ya Kiislamu, mume akishatamka baada ya hati hiyo, bado mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka, na nakala hupelekwa kwa Msajili Mkuu. Kazi hiyo leo iko RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kwa hiyo talaka ya baada ya 1971 ina mahali pa kuulizwa patatu: kata, Mahakama ya Mwanzo, na RITA. Usiridhike na cheti peke yake. Omba jalada la shauri. Cheti kitakuambia waliachana tarehe ngapi. Jalada litakuambia nani alijenga nyumba, nani alilima, watoto walikuwa wangapi, na kila mmoja alisema nini mbele ya hakimu.

Na shauri likifika juu, linabaki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na ikasema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Rufani yake mwenyewe ilikataliwa kwa sababu nyingine, lakini kanuni ilikaa, na mahakama zimeitegemea tangu hapo. Kila nikiisoma hukumu ile namwona bibi na ukindu wake. Hakuwa na mahakama ya kumwambia kwamba mikeka yake ni mali. Aliihesabu mwenyewe, akaona imetimia, akaondoka.

Nilivuka kwenda Mafia kwa kivuko cha MV Kilindoni. Chombo kinatoka polepole kati ya mikoko, mizizi imesimama juu ya tope kama vidole, kisha mikoko inaachana na bahari inafunguka mbele. Wanawake wawili karibu yangu walikuwa na mikeka iliyoviringishwa, wanaipeleka kuuza. Bibi alikwenda kwa jahazi, na kama talaka ilikuwa Rajabu, kwa vyovyote alingoja eda yake iishe ndipo akavuka.

Kisiwani hakuwa mtu wa ajabu. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza kwenda kijiji cha Kanga, kaskazini mwa Mafia, mwaka 1965 na akarudi mara nyingi, aliona kwamba kuachana na kuolewa tena lilikuwa jambo la kawaida katika maisha ya watu wa kule, wanawake kwa wanaume. Nilipoyasoma hayo kwanza nilifikiri ni mambo ya Mafia. Sasa nadhani waliokuwa wa ajabu ni sisi wajukuu, tuliokwenda shule, tukajifunza kulisema neno "aliachwa" kwa sauti ya chini.

Mjomba anaishi Kilindoni. Ni mdogo wa mama, amezeeka, macho yamemtupa mkono. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Akaagiza kasha la baba yake lishushwe kutoka darini.

"Karatasi za mzee zote zimo," alisema. "Hajatokea wa kuzisoma."

Zilikuwamo stakabadhi za kodi, barua mbili kutoka Zanzibar, na chini kabisa, ndani ya jalada la msahafu uliochakaa, karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa kama ya ile ya Nyamisati. Nilizipiga picha zote kwa simu, kila moja mbele na nyuma, karibu na dirisha, bila mwako. Kisha nikampelekea maalim wa Nyamisati picha ya ile nyembamba. Alinipigia kabla ya magharibi.

Ilikuwa ndoa ya bibi. Mwandishi wa Mafia alikuwa mtu wa kuandika kwa utulivu, ametia irabu zote. Anasema ameolewa fulani binti fulani bin fulani, mtalaka wa fulani wa Nyamisati, kwa talaka aliyojikomboa, na eda imekwisha, na karatasi ya talaka imeonekana. Mwezi ni Mfunguo Tatu, yaani mwezi wa hija, na mwaka umeandikwa mzima: 1352. Nilikaa kwenye baraza ya mjomba nikapiga hesabu mara mbili. Rajabu ya 1352 ilianza Oktoba 1933. Mfunguo Tatu ulianza Machi 1934. Kama Rajabu ya Nyamisati ni ya mwaka huohuo, bibi alijikomboa kati ya Oktoba na Novemba, akakaa eda, akavuka maji kabla kusi halijashika, akaolewa. Penseli yangu ya pembeni mwa daftari nikaifuta.

Kwenye karatasi ya Nyamisati jina la babu yake bibi lilikuwa limeangukia kwenye mkunjo, maalim ameona mimu ya mwanzo na dali ya mwisho basi. Kwenye karatasi ya Mafia lilikuwa zima. Jina lenyewe naliacha ndani ya ukoo. Nitasema tu kwamba hakuna mtu aliye hai kwetu aliyewahi kulisikia.

Nilirudi Nyamisati wiki iliyofuata. Nilimpa mama mdogo picha ya ile karatasi ya pili, imechapwa kubwa. Hakujali picha. Alitaka kusikia. Maalim akaja tena, akaketi mahali palepale mlangoni, akasoma polepole, na alipofika kwenye jina lile la tatu mama mdogo akamshika mkono.

"Lisome tena, maalim."

Akalisoma.

Alhamisi usiku kulikuwa na hitima ya nyumba ile, kama ilivyo kila mwaka mwezi ule. Daftari la majina ya marehemu liliwekwa mbele ya maalim, yakaanza kutajwa, mmoja baada ya mmoja. Mama mdogo alikuwa ameketi nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Ilipofika zamu ya bibi, alitajwa yeye, akatajwa baba yake, kisha likafuata jina jipya, limeandikwa kwa kalamu yangu pembeni mwa ukurasa, na nyuma ya pazia nikasikia sauti yake ikiitikia amina kabla ya watu wote.